Tone Moja Chini ya Pikipiki

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za lishe, za shule na za chanjo. Mwezi huu nimeomba nafasi niwaeleze habari za injini. Najua mama wengine watasema, "Hiyo ni ya vijana wa boda." Naomba msome mpaka mwisho, kwa sababu kwetu aliyeiona hatari kwanza hakuwa fundi. Alikuwa mama.

Pikipiki ya baba ni Honda CG125 ya miaka ya 1980. Tulivuka nayo mpaka pale Bunagana mwezi wa Julai 2012, wakati wa mapigano ya M23. Baba aliendesha, mama alikaa nyuma na mtoto mgongoni, vifurushi viwili pembeni. Sisi wakubwa tulitembea kwa miguu. Nyumba, mbuzi na shamba vilibaki Rutshuru. Kwa hiyo tulipofika Rwamwanja, pikipiki ile ndiyo ilikuwa mali yetu yote. Ilibeba mahindi kwenda sokoni, ikaleta pesa ya madaftari, na usiku ilikuwa gari la wagonjwa la majirani.

Kila asubuhi mama alipofagia uwanja aliona doa jeusi chini ya injini. Akasema, "Baba watoto, pikipiki yako inakojoa." Baba akajibu, "Ya zamani lazima ivuje. Isipovuja ujue oili imekwisha!" Tukacheka sote.

Usiku mmoja jirani akaja mbio na mtoto wake mwenye homa kali. Baba akawasha, wakaondoka watatu. Wakiwa katikati ya kilima, injini ikalia kama bati linalokwaruzwa, gurudumu la nyuma likaganda, kimya. Kiki haikushuka tena. Injini ilikuwa imenoki. Baba na jirani wakapokezana mtoto mgongoni mpaka kituo cha afya. Tunashukuru, alipona. Lakini tangu usiku ule hakuna aliyelicheka lile doa tena.

KWA NINI TONE DOGO NI JAMBO KUBWA

Kampuni ya Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976. Ilikusudiwa nchi ambako barabara ni mbaya na mizigo ni mizito. Ina silinda moja, na valvu zake husukumwa na vijiti viwili virefu, si kwa cheni. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Ndiyo maana baadhi ya boda tunazopanda ni za ukoo huo huo, hata kama jina kwenye tangi ni lingine.

Sasa sikieni. Ndani ya injini ile hukaa oili kama lita moja tu. Oili hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi pia. Hakuna akiba mahali pengine. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya damu ya injini. Tena lile tone la usiku ni dogo. Injini ikiwa moto oili huwa nyepesi, hutoka zaidi, na upepo huipeleka nyuma usiione.

PESA TULIZOPOTEZA

Baba alichonga silinda upya, akanunua pistoni na ringi. Akiba yote ikaisha. Wiki mbili baadaye doa likarudi.

Fundi wa kwanza akaona tone likining'inia kwenye nati ya chini ya kumwagia oili. Akaikaza kwa nguvu zote mpaka nyuzi zikakatika. Ikabidi kutengeneza nyuzi mpya. Fundi wa pili akabadilisha gasketi ya kava la klachi. Wa tatu akapaka silikoni injini nzima kwa nje kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Tulilipa mara tatu, na oili ikaendelea kuvuja.

Mwisho baba akaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi tangu enzi za Zaire. Yule mzee hakuchukua spana. Alisema, "Leteni sabuni na brashi. Siwezi kumtibu mgonjwa aliyejifunika blanketi." Hapo ndipo tulipojifunza kazi yenyewe.

HATUA TANO ZA KUTAFUTA

1. Pima oili kwanza. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Washa dakika chache, zima, subiri kidogo. Futa kijiti cha kupimia, kiingize bila kukizungusha, kitoe utazame. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua ni hatari. Ikizidi nayo inaweza kuvuja, kwa hiyo usijaze kwa kukisia.

2. Osha injini. Iwe baridi. Tumia brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto na sigara, kisha maji ya sabuni. Usirushe maji kwenye kabureta wala chujio la hewa. Acha ikauke kabisa.

3. Paka unga mweupe. Chaki iliyosagwa inafaa, au poda ya mtoto. Kwetu mama alitoa ile poda ya mdogo wetu, akasema, "Leo mtoto ni injini."

4. Washa, zunguka kwa mwendo mfupi, rudi. Tazama kwa tochi. Palipolowa unga hugeuka kuwa wa kijivu au mweusi.

5. Anza juu ushuke chini, anza mbele uende nyuma. Oili hufuata mteremko, na upepo huisukuma nyuma. Mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa, hapo ndipo chanzo.

Basi tulipotazama, kando ya kava la klachi unga ulikuwa bado mweupe. Lakini juu kabisa, chini ya kava la tapeti, palikuwa na mstari mweusi. Oili ilitoka pale, ikapita katikati ya mapezi ya silinda, ikazunguka, ikafika tumboni mwa injini na kudondoka kwenye nati. Mafundi wote watatu walitibu mwisho wa safari. Hakuna aliyeuliza safari ilianzia wapi.

INJINI NAYO INAPUMUA

Yule mzee hakuishia hapo. Aliuliza, "Na gasketi ya juu, nani aliiharibu?" Akafuata mpira mdogo wa kupumulia unaotoka kwenye injini. Pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo chini yake husukumwa, na lazima ipate njia ya kutoka. Mpira ule ndio njia. Kwetu ulikuwa umebanwa na ule ukanda wa tyubu tunaofungia mizigo. Hewa ilikosa mlango, ikasukuma oili ipite penye gasketi dhaifu. Tungebadilisha gasketi kumi bila kuufungua ule mpira, zote zingeharibika.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kagua mpira wa kupumulia. Usiwe umebanwa, umekunjwa wala kuzibwa na tope. Ukiwa wazi na bado hewa inatoka kwa nguvu nyingi, pengine ringi zimekwisha.

SEHEMU ZINGINE ZA KUKAGUA

Kitako cha silinda, pale inapokaa juu ya injini, kuna gasketi. Upande wa kushoto kagua sili ya shafti ya gia na ile ya nyuma ya sproketi ndogo. Hapo angalia vizuri, maana oili ya cheni nayo huchafua sehemu hiyo na kukudanganya. Upande wa kulia kuna sili ya kiki na kava la klachi. Chini kuna nati na washa yake.

Kama moshi ni wa bluu na oili inapungua lakini nje ni pakavu, hiyo haivuji. Inaungua ndani, na dawa yake ni ringi au sili za valvu.

NAMNA YA KUZIBA

Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Bisibisi hukwaruza aluminiamu, na kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa oili.

Kwa kava za pembeni unaweza kukata gasketi mwenyewe kutoka karatasi maalumu ya gasketi. Iweke juu ya kava, gonga kingo polepole kwa nyundo ndogo mpaka umbo lijichore. Lakini gasketi ya hedi na ya kitako cha silinda nunua iliyotengenezwa, kwa sababu unene wake una kipimo.

Silikoni ikihitajika, iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Inayozidi hujitokeza pande mbili, nje na ndani. Ile ya ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la oili. Kwetu mzee alitoa nyuzi zake kwenye chujio, akamwonyesha baba kiganjani. Baba alinyamaza muda mrefu.

Bolti zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Aluminiamu ni laini, ukitumia hasira nyuzi zitakatika.

Sili mpya ipake oili kwenye mdomo wake. Upande wenye springi ndogo uelekee ndani kwenye oili. Isukume ikae sawasawa, kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo. Shafti ikiwa imechimbika pale sili inapogusa, hata sili mpya itavuja.

Washa ya shaba iliyokakamaa usiitupe. Iweke kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isafishe. Italainika tena na kuziba.

KAZI YA FAMILIA NZIMA

Kila jioni weka kipande cha katoni chini ya injini. Asubuhi mtoto yeyote anaweza kukitazama na kusema kama kuna doa, na liko upande gani. Oili ikifika kwenye tairi la nyuma au breki, pikipiki isitoke hata kama abiria anasubiri.

Oili chafu usiimwage karibu na bomba la maji, kisima wala bustani ya mboga. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na dumu hilo lisirudi kuchotea maji kamwe. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kula.

Na nyinyi vijana, mteja akija na pikipiki inayovuja, msianze na spana. Osheni kwanza. Mteja akiuliza mbona mnachelewa, mwelezeni kwamba kuosha ni rahisi kuliko kulipa mara tatu.

Gasketi moja ya kava la tapeti na mpira uliofunguliwa, hiyo ndiyo gharama iliyomaliza tatizo letu. Tangu hapo, akija jirani usiku na mgonjwa, mama ndiye hutoka kwanza na tochi. Humulika katoni, kisha humwuliza baba swali moja tu: "Umepima?" Baba asipokuwa amepima, haondoki.