Hadithi ya Zamani, Tajiri Mpya

Novemba 2021 mashabiki wa Star Trek: Discovery waliokuwa nje ya Marekani na Kanada walikuwa wakihesabu saa. Msimu wa nne wa tamthilia hiyo ulikuwa umebakiza siku mbili kuanza, na wao walitarajia kuuona Netflix kama walivyoiona misimu mitatu ya kwanza. Ghafla likatoka tangazo kwamba usiku uleule Discovery ingeondolewa Netflix, ya zamani na mpya, na kwamba wangeipata mwaka unaofuata kwenye Paramount+, huduma ya mtandaoni ya kampuni inayoimiliki. Kasoro ni kwamba Paramount+ ilikuwa bado haijafika katika nchi nyingi. Nairobi na Dar es Salaam haikuwapo kabisa. Mtu aliyekuwa amelipia mwezi wake wa Netflix alilala akiwa na tamthilia, akaamka hana.

Kelele zilizofuata ziliifanya kampuni ilegeze kamba ndani ya siku chache. Watazamaji wa nchi kadhaa za Ulaya walifunguliwa mlango mwingine, na wengine wakaruhusiwa kununua vipindi kimoja kimoja. Lakini mwandishi wa tamthilia hakuwa na kosa, wala waigizaji, wala Netflix. Mzizi wa jambo lenyewe ulianzia miaka miwili nyuma, pale Viacom na CBS zilipoungana Desemba 2019 na kuamua kwamba kampuni kubwa namna ile haiwezi kuendelea kuuza mali yake katika duka la mwenzake.

Kampuni za filamu zinapoungana, magazeti ya biashara huandika habari za hisa na wakurugenzi. Mtazamaji wa kawaida huona hayamhusu, mpaka siku anapotafuta anachokipenda asikione. Na hakuna aina ya filamu inayoguswa na miungano hii kama hadithi kongwe za kubuni za kisayansi: Star Trek, Star Wars, Alien, Predator, Stargate. Hizi zina wafuasi walioanza kuzitazama wakiwa watoto na sasa wanazitazama na watoto wao. Ni bidhaa inayojiuza yenyewe, na tajiri mpya anapofungua duka, bidhaa ya namna hiyo ndiyo hupangwa mlangoni.

Star Trek ilikumbana na hali hiyo mapema mno. Ilianza kurushwa na NBC Septemba 8, 1966, ikitengenezwa na Desilu, studio ya mchekeshaji Lucille Ball. Ilikuwa tamthilia ghali kwa studio ya kiasi kile, na kabla haijatimiza mwaka hewani, Desilu ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa takriban dola milioni 17 kwa Gulf+Western, kampuni iliyoanzia kwenye vipuri vya magari na ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeinunua Paramount. Wenye mali wapya walitazama hesabu zaidi kuliko anga za mbali. Bajeti ya msimu wa tatu ikapunguzwa, na mwaka 1969 safari ya Kapteni Kirk, Spock na Luteni Uhura (ndiyo, jina lake lilitokana na uhuru wetu) ikakatizwa baada ya vipindi 79.

Kilichoiokoa ni marudio. Vituo vidogo vya televisheni vya Marekani vilivinunua vipindi vile kwa bei nafuu na kuvirusha jioni baada ya jioni katika miaka ya 1970, hadi tamthilia iliyotupwa ikawa na mashabiki wengi kuliko ilipokuwa mpya. Paramount ilipoona hivyo, mwaka 1977 ilipanga kuanzisha kituo chake cha taifa na kukifungua kwa Star Trek mpya. Mpango wa kituo ukafa, tamthilia ikageuzwa filamu iliyotoka 1979.

Hapo ndipo desturi ilipoanza. Januari 1995 Paramount, sasa ikiwa chini ya Viacom iliyokuwa imeinunua mwaka mmoja nyuma, ilizindua kituo cha UPN, na kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kilikuwa Star Trek: Voyager. Mwaka 2017 CBS ilitaka Wamarekani walipie huduma yake ya mtandaoni, CBS All Access, ikawatengea Discovery huko. Disney nayo, iliyoinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, iliizindua Disney+ Novemba 12, 2019, na siku hiyohiyo ikaweka kipindi cha kwanza cha The Mandalorian, tamthilia ya kwanza ya Star Wars yenye waigizaji halisi. Kila duka jipya, mlangoni chombo cha anga.

Hilo lina faida yake, na si haki kulificha. Bila maduka hayo, nyingi ya tamthilia hizi zisingetengenezwa. Andor, ambayo kwa maoni ya wengi ndiyo kazi iliyokomaa zaidi kutoka Star Wars kwa miaka mingi, ilipata fedha kwa sababu Disney+ ilikuwa na njaa ya vipindi. Ila hadithi iliyoletwa ili ifungue duka hupimwa kwa afya ya duka. Wateja wakipungua au deni likipanda, hata tamthilia nzuri huwekwa kwenye orodha ya kukatwa.

Muungano una pacha wake, nao ni mgawanyo. Mwanzoni mwa 2006 Viacom ilijikata vipande viwili, na Star Trek ikapasuliwa katikati: tamthilia za televisheni zikaenda CBS, filamu zikabaki Paramount. Kwa karibu miaka 14 jina moja lilikuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na wanahisa wake. Ndiyo maana filamu ya J.J. Abrams ya mwaka 2009, iliyofanya vizuri sokoni, haikufuatwa na tamthilia ya televisheni yenye waigizaji walewale, jambo ambalo kampuni yenye mamlaka ya pande zote mbili ingelifikiria asubuhi inayofuata.

Mtu angedhani basi kwamba muungano wa 2019 ungeponya jeraha hilo. Televisheni ilinawiri kweli: Picard, Lower Decks, Strange New Worlds. Kwenye sinema ikawa kimya. Filamu ya nne ya kundi la Abrams ilipangiwa tarehe ya Desemba 2023, kisha ikaondolewa kwenye ratiba. Mwongozaji wake, Matt Shakman, aliondoka Agosti 2022 kwenda kutengeneza Fantastic Four ya Disney. Na Disney iliipataje Fantastic Four? Kwa kuinunua Fox. Muungano wa jirani ulichukua mwongozaji wa muungano wa huku.

Ununuzi huo wa Fox, uliokamilika Machi 2019 kwa dola bilioni 71 na ushei, ndio uliowatia hofu kubwa wapenzi wa Alien na Predator. Je, studio ya Mickey Mouse ingeyafanya nini madude yanayopasua vifua vya watu? Mwanzo haukutia moyo. Prey, filamu ya Predator ya mwaka 2022 iliyosifiwa sana, haikupelekwa sinema. Marekani iliingia moja kwa moja Hulu, huduma ambayo Disney ilikuwa ikiiongoza, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu: duka lilihitaji bidhaa. Alien: Romulus nayo ilianza kutengenezwa kwa ajili ya Hulu, lakini wakubwa wakabadili mawazo wakaipeleka kwenye kumbi Agosti 2024. Ikaingiza takriban dola milioni 350 duniani, kwa bajeti ya dola milioni 80. Mwaka uliofuata ikaja tamthilia ya Alien: Earth kutoka FX, kituo kilichonunuliwa katika kapu lilelile la Fox, na Predator: Badlands ikaonyeshwa sinema. Kwa hadithi hizi mbili, tajiri mpya ameonekana kuwa mzuri kuliko ilivyohofiwa. Tofauti na Star Trek ni kwamba Disney iliweza kujaribu kote kuwili bila kumwomba mtu ruhusa.

Stargate ilikuwa na bahati ya aina nyingine: ilisahauliwa. MGM, iliyofilisika mwaka 2010, haikuwa na nguvu ya kuiendeleza baada ya tamthilia yake ya mwisho ya televisheni kufungwa 2011. Amazon iliinunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45, na tamthilia mpya ya Stargate haikutangazwa hadi Novemba 2025.

Paramount yenyewe haikutulia. Mwaka 2023, katika kubana matumizi, iliiondoa Star Trek: Prodigy, katuni ya watoto, kwenye mtandao wake huku msimu wa pili ukiwa bado unakamilishwa. Aliyeiokota ni Netflix, yuleyule aliyenyang'anywa Discovery. Discovery na Lower Decks zikafungwa 2024. Juni 2025 ikatangazwa kwamba Strange New Worlds itaishia msimu wa tano, wenye vipindi 6 badala ya 10.

Kisha Agosti 7, 2025 Skydance ya David Ellison ikaungana na Paramount katika mpango wa dola bilioni 8. Skydance si mgeni kwa Star Trek, kwani ilichangia fedha katika filamu za 2013 na 2016. Hilo linatia moyo upande wa sinema, na miezi mitatu baadaye iliripotiwa kuwa Jonathan Goldstein na John Francis Daley wamepewa kazi ya kuandaa filamu mpya. Lakini kampuni hiyohiyo iliahidi wawekezaji kubana mabilioni ya dola, na Oktoba ikawaachisha kazi wafanyakazi wapatao 1,000.

Kuna funzo moja katika kabati la Paramount ambalo mabosi wapya wangefaa kulisoma. Filamu ya 1979 iligharimu takriban dola milioni 44, na studio ikalalamika. Ya pili ikakabidhiwa idara ya televisheni, chini ya Harve Bennett, kwa takriban dola milioni 12. Hiyo ndiyo The Wrath of Khan ya mwaka 1982, ambayo hadi leo mashabiki wengi huiweka juu ya nyingine zote. Haikuwa imetumwa kuzindua kituo wala kuvuta wateja wa mtandao wowote. Fedha zilikuwa kidogo, jicho la wakubwa lilikuwa kwingine, na waandishi wakaachwa waandike.

Star Trek inatimiza miaka 60 Septemba 2026. Mpenzi wa hadithi hizi akisikia studio fulani imenunuliwa, aache kwanza kuuliza nani ataigiza. Aulize mnunuzi ameingia na deni kiasi gani, na ana duka gani la kufungua. Na kama kuna tamthilia asiyotaka kuikosa, ainunue kwenye diski mapema, maana iliyoko mtandaoni inaweza kuondolewa usiku mmoja.