Minyoo ya Mama na Chanjo ya Mtoto

Mkulima, uwe shambani au kwenye ploti Lucky Summer, Nairobi, safura huingia kwa nyayo kutoka udongo wenye kinyesi na kunyonya damu. Je, mama mja mzito akiwa na minyoo, chanjo ya mtoto hudhoofika? Kule Entebbe, Uganda, mwaka 2003 hadi 2005, waja wazito 2,507 waliandikishwa. Wengine wakapewa dawa ya minyoo, wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto walipotimiza mwaka, kinga yao ya kifua kikuu, pepopunda na surua ilikuwa sawa. Ajabu ni kwamba ukurutu ulizidi kwa watoto ambao mama zao walimeza albendazole! Hata hivyo, safura humpunguzia mama damu. Basi aende kliniki, apewe dawa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Na mtoto achanjwe kwa wakati wake.