Kuinua matiti: kisu kina bei yake, safari ina yake

Dola 3,000 ukizibadilisha kwa shilingi 2,500 kila moja ni milioni saba na nusu. Bei za aina hiyo, kati ya dola elfu mbili na elfu nne, ndizo zinazotajwa sana kwenye matangazo ya kuinua matiti India na Uturuki yanayoingia kwenye simu za wanawake hapa Unguja. Kwa anayelipwa kima cha chini cha Serikali ya Zanzibar kilichotangazwa 2022, shilingi 347,000 kwa mwezi, hiyo ni mishahara ya karibu miezi 22 asile, asilipe kodi, asipeleke mtoto madrasa. Na tiketi ya ndege bado.

Sina ugomvi na anayetaka. Mwili ni wake, pesa ni zake, na suala la dini atamuuliza sheikh wake. Mimi hapa ni wa bei. Ninachokataa ni mtu kutoa pesa ya upatu aliyoisubiri zamu yake kwa miaka, akalipia kitu ambacho hakuambiwa ni nini.

Upasuaji huu hukata ngozi iliyozidi, hupandisha chuchu na kulibana upya titi lililobaki. Haukuzi titi. Wengine hutoka wakiona yamepungua, kwa sababu nyama iliyokuwa imelala chini sasa imekusanywa juu. Anayetaka yainuke na yajae huwekewa vifuko vya silikoni, na hapo ndipo bei inapozaa bei nyingine. Vifuko si vya maisha. Kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kupasuka au kukakamaa unavyoongezeka, na wengi huhitaji kubadilishiwa baada ya miaka kumi au kumi na tano. Ukivinunua leo kwa bei ya punguzo, kumbuka kuna kisu cha pili kinakusubiri, na hicho hakina punguzo.

Uliza vifuko ni vya kiwanda gani, na udai kadi yenye namba yake. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kuwa kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matumizi ya tiba. Vilikuwa vimeshauzwa nchi nyingi, na mwenye kampuni alihukumiwa kifungo 2013. Wanawake waliokuwa na kadi zao walijua mara moja kama wamo au hawamo. Wasio nazo walibaki kubahatisha.

Halafu makovu. Titi lililoshuka kidogo hukatwa kuzunguka chuchu tu. Lililoshuka zaidi huongezwa mstari wa kushuka chini. Lililoshuka sana huongezwa na mstari wa tatu chini ya titi, na umbo lake lote ni nanga. Daktari anayekuahidi kuinua matiti yaliyoshuka sana bila kovu, muage kwa adabu uondoke. Kovu huchukua mwaka au zaidi kufifia, na sisi weusi ngozi yetu ina tabia ya kuvimbisha kovu. Kagua mwili wako mwenyewe kabla ya kumlipa mtu: tundu la hereni, alama ya chanjo begani, mshono wa uzazi kama ulipasuliwa. Kama mojawapo limeinuka, gumu, linang'aa na kuwasha, una dalili ya keloidi. Mwoneshe daktari siku ya kwanza. Huenda ukaambiwa usifanye, na utakuwa umeokoa mamilioni kwa nauli ya daladala.

Swali linalofuata ni la kuzaa. Kama bado unataka mtoto, subiri. Mimba hulijaza titi, kisha hulipunguza, na ngozi iliyovutwa haijali kama ulishalipia. Vilevile kuna uwezekano wa kushindwa kunyonyesha vizuri baada ya upasuaji, kwa kuwa mirija na neva karibu na chuchu huguswa. Na hapa nimtetee mtoto, maana analaumiwa bure: utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky uliochapishwa 2008 haukuona kuwa kunyonyesha kunaangusha matiti. Ulichoona ni umri, uzito, idadi ya mimba, ukubwa wa titi lenyewe na sigara. Anayemwachisha mtoto mapema ili abaki na chuchu saa sita, ananunua maziwa ya kopo kwa sababu isiyokuwapo.

Uliyemwachisha mtoto karibuni, usiyapime matiti bado. Subiri miezi mitatu hadi sita titi litulie. Ukiwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, punguza kwanza, kisha ukae na uzito huo. Kuinua leo na kupungua kilo kumi na tano kesho ni kulipa mara mbili.

Sasa machaguo, kuanzia ya bei rahisi.

La kwanza ni sidiria, na usicheke. Wanawake wengi wanaolalamika matiti yameshuka wamevaa saizi isiyo yao. Kazi ya kubeba hufanywa na mkanda unaozunguka kifua, kamba za begani ni wasaidizi tu. Ukifika sokoni Darajani, shika mkanda wa nyuma kwa mikono miwili, uvute, uachie. Ukirudi kwa kasi, mpira ni mzima. Ukirudi kwa uvivu, rudisha. Mpya ifunge kwenye safu ya vifungo iliyo legevu kuliko zote, maana mpira utalegea na utahitaji safu za kukazia. Inua mikono: mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Za mitumba zina kitambaa kizuri lakini mpira umeshafanya kazi kwa mtu mwingine, na Bara nguo za ndani za mitumba zilipigwa marufuku na Shirika la Viwango, TBS. Sidiria tatu mpya za maana hazifiki pesa ya kumwona bingwa na vipimo vyake. Zijaribu kwa mwezi kabla ya kuamua lolote.

La pili ni krimu, mafuta, vidonge na pampu. Usinunue. Titi halina msuli wa kukazwa, lina mafuta, tezi na nyuzi za kushikilia ambazo zikishavutika hazirudi. Uwatu na habbasoda vina faida zake jikoni na mwilini, lakini haviinui chochote. Mazoezi ya kifua hukuza msuli ulio nyuma ya titi, yanasaidia kidogo mkao, na ni ya bure. Krimu inayouzwa mtandaoni bila jina la kiwanda wala alama ya usajili ni kesi ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, si ya mkoba wako.

La tatu ni Dar es Salaam, na kwa mwenye pesa ya kuhesabu hapa ndipo pa kuanzia. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa upande wa Mloganzila, ilianza huduma za upasuaji wa urembo 2023, na zipo hospitali binafsi zenye mabingwa wa upasuaji rekebishi. Faida kubwa haimo kwenye tangazo: ukipata tatizo, aliyekukata yuko umbali wa boti ya karibu saa mbili. Angalia tu ramani kabla ya kupanga bajeti. Mloganzila iko Kibamba, nje kabisa kwa Barabara ya Morogoro, na ukishuka bandarini una safari nyingine ya teksi na foleni ndani yake. Gesti ya Kariakoo ya bei poa itakugharimu zaidi kwa nauli.

La nne ni nje. Uturuki ina ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja, India ina madaktari wazoefu na bei nzuri. Lakini orodhesha: tiketi mbili, kwa kuwa huwezi kurudi peke yako ukibeba sanduku, viza ya matibabu na ya msindikizaji, hoteli ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa sababu kukaa saa nyingi kwenye ndege mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Na kidonda kikifumuka wiki ya tatu, daktari wako yuko Chennai, na atakayekuhudumia ni wa Hospitali ya Mnazi Mmoja ambaye hakuona ulivyokatwa. Ukienda, usipande ndege ya kurudi bila ripoti ya upasuaji mkononi. Ndugu walioko Marekani wasikudanganye kuwa kwao ni afadhali: takwimu za chama cha madaktari wa upasuaji rekebishi wa huko kwa 2022 zilionesha wastani wa karibu dola 6,800, na hiyo ni haki ya daktari peke yake.

Maneno hayo, haki ya daktari peke yake, ndiyo ya kuyawinda popote utakapokwenda. Omba profoma iliyoandikwa, isiwe sauti ya WhatsApp. Isome mstari kwa mstari: daktari, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda na siku ngapi, vipimo vya damu na moyo, dawa za kwenda nazo nyumbani, mirija ya kutolea maji ikiwekwa, sidiria maalumu ya kubana, kutoa nyuzi, marudio. Mstari usioonekana haumaanishi bure. Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: titi moja likikaa juu kuliko jingine, marekebisho analipa nani? Mara nyingi daktari husamehe haki yake, lakini chumba na usingizi ni juu yako. Jibu hilo litake kwa maandishi pia.

Hospitali ya ndani ikikupa bei kwa dola, ikatae. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei ya huduma nchini kwa fedha za kigeni. Hospitali ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayekutumia namba yake ya simu umwekee "kianzio cha kushika nafasi" si mhasibu. Bima usiitegemee, kwani urembo kwa kawaida haumo. Ila kama matiti ni mazito, bega lina mfereji wa kamba, mgongo unauma na chini yake pana ukurutu usiokauka, wewe mwenzangu unahitaji mazungumzo mengine: upasuaji wa kupunguza. Huo una sababu ya kitabibu, unainua hapo hapo, na barua ya daktari inaweza kubadilisha jibu la bima. Uliza kabla ya kulipa mwenyewe.

Gharama kubwa iliyojificha ni kazi yako. Wiki moja au mbili hutafanya la maana, na wiki nne hadi sita hutabeba kizito: si ndoo, si mtoto wa mwaka na nusu, si sufuria la biriani. Mwenye mshahara atachukua likizo. Anayekaanga samaki Forodhani atampa nani meza yake? Mkulima wa mwani wa Paje anapoteza bamvua tatu katika wiki sita, na mwani haumsubiri mtu. Zidisha kipato chako cha siku kwa siku hizo, ongeza posho ya msichana wa kukupikia, uandike chini ya profoma. Baada ya hapo tenga laki kadhaa za dharura ambazo hutaziingiza kwenye hesabu yoyote.

Hatari zenyewe ziko: damu kuvuja ndani siku ya kwanza, maambukizi, chuchu kupoteza hisia kwa miezi au moja kwa moja, na mara chache sana chuchu kufa kwa kukosa damu. Sigara huzidisha zote, na shisha pia imo, hata ile ya sherehe tu. Acha angalau wiki nne hadi sita kabla. Mtajie daktari kila unachomeza, hata aspirini na dawa za mitishamba. Kambi ya madaktari wageni ikija na bei nzuri, uliza jambo moja: wakishaondoka, nani atatoa nyuzi?

Jina la daktari litafute kwenye rejista ya baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi, na uone kama ubingwa wake ni wa upasuaji rekebishi kweli. Mwombe picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, za baada ya mwaka. Picha ya wiki ya pili haioneshi kovu lilivyoishia.

Tarehe nayo ina bei. Usijipange wiki chache kabla ya Ramadhani, utakuwa kwenye dawa za kumeza mchana. Miezi ya kusi bahari ya kuvukia Dar inachafuka, na kutapika ukiwa na nyuzi kifuani hakutamaniki. Wakati huo ndege ya dakika ishirini ina thamani ya tofauti ya nauli. Januari ada za skuli zimeshamaliza kila kitu.

Kama umri wako umefika miaka 40, au mama au dada yako aliugua saratani ya titi, piga picha ya eksirei ya matiti (mamografia) kabla ya kukatwa, na nakala ikae kwako. Makovu ya ndani huonekana kwenye picha za baadaye, na daktari asiye na ya mwanzo ya kulinganisha anaweza kukuagizia vipimo zaidi, kwa pesa yako.