Kamera ya mbugani, kamera ya ukumbini

Namba iliyoiuza Nikon Coolpix P900 ni 83. Ilipotoka mwaka 2015, lenzi yake ilivuta mara 83, kutoka milimita 24 hadi milimita 2000, na video za watu waliouvuta mwezi mpaka mashimo yake yakaonekana wazi zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2018 ikafuata P1000, mara 125, hadi milimita 3000. Tangu hapo mtu anayetafuta kamera ya kwendea Mikumi, Tsavo au Ngorongoro akiingia dukani huulizia zumu kwanza. Muuzaji humwekea mezani aina mbili: hiyo ya zumu ndefu, ambayo lenzi yake haitoki, na mirolesi, kamera isiyo na kioo ndani, ambayo lenzi zake hubadilishwa. Mnunuzi hubaki njia panda, na mara nyingi namba kubwa ndiyo inayoamua kwa niaba yake.

Ninaandika haya kwa ajili ya mnunuzi huyo. Ni mwalimu anayepeleka wanafunzi mbugani kila mwaka, ni mwongoza watalii aliyechoka kuomba picha kwa wageni wake, ni kijana anayetaka kuanza kupiga picha za harusi. Pesa yake ni ya kudunduliza, na akikosea hana ya kurudia.

Ile milimita 2000 ni hesabu ya kulinganisha tu. Ukisoma maandishi yaliyozunguka kioo cha mbele cha P900 utakuta 4.3-357mm, huo ndio urefu halisi wa lenzi. Kilichobaki kinatokana na udogo wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kihisi cha P900 ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, hakifikii hata ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa kuwa kinapokea sehemu ndogo tu ya katikati ya taswira, ndege wa mbali anajaa kwenye picha. Kihisi cha mirolesi ya bei ya chini kama Canon EOS R50 ni milimita 22.3 kwa 14.9, eneo lake karibu mara 12 ya kile.

Wapenzi wa mirolesi huishia hapo: kihisi kikubwa, picha bora, mjadala umefungwa. Mimi siishii hapo, kwa sababu kwa mnyama wa mbali kipimo kinachoamua ni kingine, nacho ni upana wa tundu ambalo lenzi inapitishia mwanga. Kuupata ni rahisi: gawanya urefu halisi wa lenzi kwa ile namba ya f. P900 ikivutwa hadi mwisho ni 357 gawanya kwa 6.5, sawa na milimita 55. Canon RF 100-400, lenzi ndefu ambayo mwenye R50 anaweza kuimudu, ni 400 gawanya kwa 8, milimita 50. Sony RX10 IV, kamera ya zumu ndefu yenye kihisi cha ukubwa wa kati, ni 220 gawanya kwa 4, milimita 55 tena. Kamera tatu, bei tofauti, vihisi tofauti, na tundu karibu lilelile. Ukitega vyombo wakati wa mvua, chenye mdomo mpana ndicho kinachokusanya maji mengi, hata kiwe kifupi namna gani. Ndege aliye juu ya mgunga, mita 80 kutoka barabarani, anatoa mwanga uleule, na lenzi hizi tatu zinaukusanya karibu kwa kiasi kimoja. Mwenye mirolesi atalazimika kuikata picha yake ili ndege aonekane mkubwa, na akishaikata, sehemu kubwa ya kihisi alicholipia inakuwa imeondoka na vipande alivyovitupa.

Chukua faru weusi wa Kreta ya Ngorongoro. Magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na faru naye hapendi barabara, kwa hiyo mara nyingi huonekana kwa mbali. Tuseme yuko mita 500. Kwa milimita 2000, picha inabeba upana wa mita 9 za uwanda. Faru mwenye urefu wa mita 3 na ushei anajaza theluthi yake, pembe zikionekana na masikio yakionekana. Kwa RF 100-400 juu ya R50, picha inabeba mita 28, na faru ni kama sehemu ya tisa ya upana huo. Kwa simu yenye lenzi ya milimita 26, picha inabeba karibu mita 700, na faru ni nukta.

Kwa mwalimu wetu, hilo latosha. Kwa miaka mingi picha za wanyama wa nchi hizi zimepigwa na wageni waliokuja na lenzi za thamani ya nyumba. Nafurahi sana kwamba leo mtoto wa Karatu au wa Voi anaweza kushika kamera ya gramu 899 akampiga picha ndege kambu tawini, rangi zake zote zikaonekana, kisha picha ikabandikwa ukutani darasani kwake. Anayezibeza kamera hizi kwa sababu ya udogo wa kihisi hajafikiria ni nani anayezihitaji.

Masharti yapo, na wauzaji wengi hawayataji. Ikifika saa nne asubuhi ardhi imeshapata moto, hewa inacheza, na mistari ya mwili wa faru wa mita 500 inayumba. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ya mamilioni. Picha ya mbali hupigwa asubuhi mapema, gari likiwa limezimwa injini. Shona mfuko wa kitambaa, ujaze mchele au maharage, uulaze kwenye ukingo wa dirisha na kuiegemeza lenzi juu yake. Kwa milimita 2000 hata mapigo ya moyo yanafika kwenye picha.

Halafu kuna jioni. Katika ukanda wetu jua huzama karibu wima, na baada ya kuzama mwanga unaofaa hudumu takriban dakika 20 tu. Ndio wakati ambao chui wa Seronera aliyelala juu ya mti mchana kutwa huanza kujinyoosha na kuteremka. Ukiivuta P900 hadi mwisho, kwa kila eneo la kihisi chake mwanga unaofika haufikii hata sehemu ya tano ya ule unaofika zumu isipovutwa. Kamera inatafuta fokasi, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na ikitulia chui ameshafika kwenye nyasi na kilichobaki ni mkia. Hata ikipata fokasi, hupiga picha 7 kwa kasi kisha husimama kuzihifadhi. R50 hutambua wanyama yenyewe, hulishika jicho na kulifuata wanapotembea. Tundu ni lilelile, lakini wepesi haulingani. Mnyama akitulia, zumu ndefu inatosha. Akikimbia au akiruka, mirolesi inaiacha mbali.

Sasa hamia ukumbini. Ni saa tatu usiku, taa za zambarau na kijani zinazunguka, shangazi wanaingia kutunza kwa vigelegele, na bibi harusi analia mbele ya mama yake. Uko hatua nne kutoka kwao; zumu ya mara 83 haina la kukusaidia. Hapa lenzi ya Canon RF 50mm f/1.8, yenye uzito wa gramu 160, ina tundu la milimita 28. P900 ikiwekwa ichukue uso kwa ukubwa huohuo, lenzi yake inakuwa na urefu halisi wa milimita 14 au 15, na hata tukiipendelea, tundu lake halizidi milimita 5 na kidogo. Tofauti ya mwanga ni zaidi ya mara 20. Zaidi ya hapo, P900 haina pa kuchomeka flashi ya nje na haihifadhi faili ghafi ambayo mhariri angeweza kuiokoa. Kijana akiingia kwenye kazi ya harusi na kamera hiyo atawapelekea watu nyuso zenye chenga katika siku ambayo hawatairudia. Kwake mimi sina maneno mawili: mirolesi, na lenzi hiyo ndogo kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachoniumiza ni kuona watu wakinunua mirolesi na lenzi moja tu, ile inayokuja nayo kwenye boksi, wakiamini wamenunua kamera ya kila kazi. Lenzi ya 18-45 inayouzwa na R50 ikivutwa hadi mwisho ina tundu la milimita 7. Ukumbini ni giza. Ngorongoro picha inabeba mita 250 na faru amerudi kuwa nukta. Gharama ya mirolesi iko kwenye lenzi. Kwa bei za Marekani zilipoingia sokoni, kabla ya usafiri na ushuru, R50 bila lenzi ilikuwa kama dola 680, RF 100-400 dola 650, na ile ya milimita 50 dola 200. Jumla ni 1,530, dhidi ya dola 1,000 za P1000. Kama mfuko unaishia kwenye mwili na lenzi ya boksi, na unachotaka ni wanyama, nunua zumu ndefu bila kuona haya.

Mwongoza watalii ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa kuwa anashinda kwenye vumbi. Kubadilisha lenzi ndani ya gari, vumbi jekundu la Tsavo likiingia kwa madirisha yote, ni kukikabidhi kihisi kwa udongo. Kwake ningechagua RX10 IV. Inafika milimita 600, fokasi yake ni ya haraka, kihisi chake ni kikubwa mara nne ya kile cha P900, na lenzi haitoki. Ni ghali, ilianza kwa dola 1,700 mwaka 2017, na ina uzito wa kilo moja na ushei. Iliyotumika inatosha.

Ukimpata mtu Kariakoo au Luthuli Avenue anayekuuzia iliyotumika, usikubali mbuzi kwenye gunia. Toka nayo mlangoni, elekeza kwenye kibao cha duka la mbali, vuta zumu polepole hadi mwisho na kuirudisha, sikio likiwa karibu: mota ikikwaruza au lenzi ikikwama katikati, ukarabati wake unaweza kumaliza thamani ya kamera. Rudi ndani, piga chini ya kaunta penye giza, ikuze picha kwenye skrini utazame chenga. Mirolesi nayo iweke f/16 na upige anga tupu. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi la kihisi, na fundi mzuri atalisafisha. Lakini ukimulika tochi ya simu ndani ya lenzi ya zumu ndefu na kuona ukungu au nyuzinyuzi zilizotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu ndani ya vioo ambavyo havifunguliwi bila kuibomoa kamera nzima. Mrudishie, hata akishusha bei.