Juu ya nini motokari za mbao za matajiri zilipotea, na inatuhusu nini sisi wa Lubudi?

Mutu yeyote wa Lubudi anajua kazi ya kushuka treni na mizigo. Unafika ku gare na gunia ya unga, valisi, pengine kuku wawili ndani ya kikapo, na inabidi upate kitu cha kukufikisha nyumbani. Ile shida haikuanza kwetu. Njo ilizaa aina ya motokari ambayo leo tunaitaka "break": ile yenye paa refu mpaka nyuma, na mulango wa nyuma wa kuingizia mizigo.

Kule Marekani, miaka ya 1910 na 1920, hoteli zilikuwa zinatuma motokari ku gare kupokea wageni na masanduku yao. Njo maana Wamarekani waliipa jina la motokari ya gare, na lile jina limebaki mpaka leo. Mwanzoni mafundi walinunua shasi, ni kusema fremu ya chuma yenye motere, magurudumu na usukani, kisha seremala akajenga mwili wa mbao juu yake. Mu 1929 Ford ilianza kuzitengeneza kwa wingi, juu ya Model A yake, lakini mwili ulikuwa bado wa mbao.

Hata Afrika ile kazi ilifanyika. Nairobi, kabla ya vita ya pili, wawindaji na walowezi walikuwa wanachukua shasi na kuomba mafundi wa mji wajenge sanduku la mbao nyuma, la kubebea hema, bunduki na chakula.

Sasa, namna gani gari ya kubeba masanduku ikawa gari ya wakubwa? Jibu liko Uingereza, na ni jambo la kodi. Baada ya vita ya 1939-1945, motokari mpya ya kutembelea ilikuwa inalipiwa kodi kubwa. Lakini break ya mbao ilihesabiwa kama gari ya kazi, kwa hiyo miaka michache ya kwanza haikulipa ile kodi. Matajiri waliona mulango uko wazi. Walichukua shasi ya Rolls-Royce ao Bentley na kuipeleka kwa fundi ajenge break ya mbao nzuri, viti vya ngozi, kila kitu kufuatana na mapenzi ya mwenye kulipa.

Fundi mumoja wa London aliyejulikana sana aliitwa Harold Radford. Mu 1948 alitoa Bentley aliyoipa jina Countryman, yenye viti vya kukunja na nafasi ya kupanga vyombo vya kula inje. Miaka ya 1960, David Brown, mwenye kampuni ya Aston Martin, alitaka DB5 yenye nafasi ya kubeba imbwa wake na vyombo vyake vya michezo. Radford alitengenezea wateja wengine za namna ile. Zote pamoja zilikuwa kama kumi na mbili tu. Juu ya uchache wake, leo bei yake iko juu sana.

Ile kazi iliisha juu ya sababu mbili. Ya kwanza ni mbao yenyewe. Jua inaipasua, mvua inaiozesha, inaomba vernisi kila mara, na kwetu tungeongeza muchwa. Mu 1946 Willys ya Marekani ilitoa break ya Jeep ya chuma tupu, lakini wakaipaka rangi ifanane na mbao, juu watu walikuwa bado wanapenda ile sura.

Sababu ya pili njo kubwa. Viwanda viliacha shasi. Walianza kutengeneza motokari ambayo mwili na fremu ni kitu kimoja: sakafu, nguzo za milango na paa vyote vinabeba uzito. Rolls-Royce yenyewe ilifika pale mu 1965 na Silver Shadow. Tangu pale, kukata paa si kuvua nguo tena, ni kukata mufupa.

Hapa njo inatuhusu. Peugeot 504 break, ambayo wengi wetu tumepanda tumebanana, haina shasi ya kando. Lakini angalia vile kiwanda kilifanya: kilirefusha motokari yenyewe, kikaweka resori nne nyuma, mbili kila upande, njo kikaweza kuuza ile ya viti vya watu saba. Hawakuongeza kiti tu.

Kwa hiyo kama unataka fundi akurefushie motokari, akate nguzo ao aongeze musitari wa viti, kwanza lala chini uangalie. Ukiona vyuma viwili virefu vinatoka mbele mpaka nyuma, kama ku Land Cruiser ya kazi, iko na shasi, na mwili unaweza kubadilishwa bila kuvunja kitu kinachobeba. Ukiona sakafu ya bati tu, kama ku Corolla, usikubali nguzo wala paa vikatwe. Kutu chini ya milango pia si jambo la sura tu: pale njo nguvu ya gari iko. Na kama nyuma ya safari ya barabara mbaya milango inaanza kukataa kufunga, mwili unapinda. Simamisha kazi, usiongeze tena mizigo.

Wale mafundi wa zamani walikuwa hodari, lakini walijenga juu ya shasi. Siku fundi atakuambia "tunakata tu hapa kidogo", mwambie akuonyeshe kwanza shasi iko wapi.