Sangara Mkubwa: Namna ya Kumrudisha Majini Akiwa Mzima



Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Anaweza kukua akawa mrefu kuliko mtu, na uzito wake ukafika kilo 200 hivi. Sangara wakubwa sana wengi wao ni majike. Jike mmoja mkubwa hutaga mamilioni ya mayai. Anayemrudisha majini anahifadhi mbegu, kama mkulima anavyobakiza mahindi ya kupanda.

Mtu atauliza: "Samaki mkubwa ni fedha. Nimwachie kwa nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini sangara aliye hai naye huleta fedha. Nchini Uganda, chini ya maporomoko ya Murchison katika Mto Nile, wageni hulipa ili wavue sangara kwa mshipi. Wakimpata humpiga picha, kisha humrudisha. Samaki huyo huyo aweza kumletea mwenye mashua ujira mara nyingine.

Lakini kumtupa tu majini siyo kumwokoa. Sangara siyo kama kamongo au kambare. Akikosa hewa hufa upesi. Pengine ataogelea, kisha afe mbali na macho yako. Basi fuata mambo haya:

1. Kabla ya kuvua, bana kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachozuia samaki asichomoke. Tumia mshipi imara, maana samaki akishindana nawe muda mrefu huchoka mno.

2. Usizungushe mshipi mkononi. Sangara akivuta ghafla, utakatwa vidole au utaangushwa majini.

3. Mwache ndani ya maji, ubavuni mwa mtumbwi. Usimchome kwa kulabu. Toa ndoano hapo hapo. Kama ameimeza mpaka tumboni, usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo.

4. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Ute ulio juu ya magamba humkinga na maradhi. Mikono mikavu au gunia huuondoa.

5. Usimning'inize kwa taya, maana uzito wake utamwumiza. Mkono mmoja ushike taya la chini, mwingine ubebe tumbo. Usiingize vidole kwenye matamvua. Vifuniko vyake na miiba ya mgongoni hukata.

6. Ukimtoa majini kumpima, bana pumzi zako. Ukiona pumzi zinakuishia, ujue naye ni hivyo hivyo. Mrudishe.

7. Mshike mgongo ukiwa juu, kichwa kikielekea maji yanakotoka. Usimsukume mbele na nyuma. Maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Subiri mpaka apige mkia mwenyewe, ndipo umwachie. Penye mamba, usishuke wala kuweka mikono majini.

Jambo jingine: samaki aliyevutwa kutoka kilindini huvimba kwa hewa, akaelea tumbo juu. Ni vigumu apone. Kwa hiyo, anayetaka kurudisha samaki na avue maji ya kina kifupi.

Vipimo vya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa hubadilika. Muulize Bwana Samaki wa eneo lako kabla ya kushusha ndoano.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kwa nini tuloweshe mikono?
2. Utajuaje kwamba samaki yuko tayari kuachiwa?
3. Hapa kwetu, sangara mkubwa ana faida zaidi akiwa sokoni au akiwa majini? Toeni sababu.