Mfuko wa Kulipia: Kwa Nini Wanunuzi Hunung'unika, na Nini Huwafanya Wazoee

Kabla ya Agosti 2017, ni wanunuzi wachache nchini waliowahi kuuliza bei ya mfuko. Aliyenunua mkate alipewa juala. Aliyenunua mkate na sabuni alipewa mawili ili harufu isiingiliane. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilikadiria kuwa supamaketi pekee zilikuwa zikitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Leo mnunuzi huulizwa kama amekuja na mfuko wake, na asiye nao hulipia. Kiasi ni shilingi chache, lakini manung'uniko ni makubwa kuliko bei yenyewe. Makala haya yanaeleza malipo hayo yalikotoka, jinsi wananchi wa nchi nyingine walivyoyapokea, na jinsi mkazi anavyoweza kuyaepuka bila kuvunja sheria.

Malipo yalianzaje

Kenya haikuanza vita dhidi ya majuala mwaka 2017. Hatua zilitangazwa mwaka 2007 na tena mwaka 2011, zikilenga mifuko myembamba pekee, lakini hazikushika. Si rahisi kwa afisa kusimama sokoni na kupima unene wa juala moja baada ya jingine, na mifuko iliendelea kutengenezwa na kugawiwa kama kawaida.

Ilani ya 28 Februari 2017, iliyotolewa na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Prof. Judi Wakhungu, iliacha habari ya unene. Ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko yote ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa, madukani na nyumbani. Wananchi na wafanyabiashara walipewa miezi sita kujiandaa, na marufuku ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti. Adhabu iliyotajwa ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili.

Hata hivyo, ilani hiyo haikuweka bei ya mfuko wowote. Maduka yalipokosa majuala yaligeukia mifuko ya kitambaa, ya karatasi, ya mkonge na ile inayofanana na kitambaa ingawa imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Yote hiyo ni ghali kuliko juala, na maduka mengi yakaamua kuiuza badala ya kuigawa. Kwa hiyo shilingi anazotoa mnunuzi kaunta kwa ajili ya mfuko si ada ya kaunti wala si faini ya mazingira. Ni bei ya bidhaa, na pesa hizo ni za mwenye duka.

Juala la bure halikuwa bure

Wapo wanaokumbuka enzi ya majuala kama enzi ya kupewa bila kulipa. Ukweli ni kwamba mwenye duka aliyanunua, na gharama hiyo ilijificha ndani ya bei ya unga na sukari. Hata aliyekuja na kikapu chake alichangia majuala ya wengine bila kujua.

Gharama ya pili ilikuja baada ya mfuko kutupwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Kila juala lililoziba mtaro lilizibuliwa kwa pesa ambazo zingeweza kununua dawa za zahanati au kukarabati barabara ya wadi. Mtaro ulioziba huleta mafuriko mvua inaponyesha, na maji yaliyotuama huzalisha mbu. Mwaka 2005, Prof. Wangari Maathai alionya kuwa mifuko iliyotupwa ovyo na kujaa maji ya mvua inasaidia kueneza malaria. Wafugaji nao walipata hasara yao: wachinjaji wamekuwa wakikuta plastiki matumboni mwa ng'ombe waliolishwa karibu na miji.

Manung'uniko matatu

Malalamiko ya wanunuzi ni ya aina tatu, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni la haki: kama lengo ni kulinda mazingira, mbona faida inabaki dukani? La pili ni la heshima: mfuko una jina na nembo ya duka, hivyo mnunuzi analipia tangazo kisha analitembeza mtaani. La tatu ni la kipato. Anayefanya manunuzi ya mwezi mara moja, kwa gari, hauoni uzito wa bei ya mfuko. Anayepokea ujira wa siku hununua kidogo kidogo, tena akiwa njiani kutoka kazini, bila kikapu mkononi. Akinunua mfuko wa shilingi 10 mara tatu kwa wiki, mwisho wa mwaka atakuwa ametumia shilingi 1,560 kwa mifuko peke yake.

Ukiyatazama manung'uniko hayo kwa makini, utaona kuwa ni wachache wanaotaka majuala yarudi mitaroni. Wanachouliza ni nani anafaidika, na kama mwenye kipato kidogo ameachiwa njia ya kuepuka malipo. Nchi zilizotoza mifuko zilikumbana na maswali hayo hayo, na majibu yao yalizaa matokeo tofauti.

Ireland: pesa zilionekana zinakokwenda

Ireland ilianza kutoza mifuko tarehe 4 Machi 2002, kwa senti 15 za yuro kwa kila mfuko. Wenye maduka waliogopa kulaumiwa na wateja. Lakini sheria ilisema wazi kwamba mnunuzi ndiye alipe, kwamba malipo yaonekane kwenye risiti, na kwamba pesa zipelekwe kwenye mfuko maalumu wa mazingira. Matumizi, yaliyokuwa yamekadiriwa kuwa mifuko 328 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yalishuka hadi 21. Yalipoanza kupanda tena, serikali iliongeza kiwango hadi senti 22 mwaka 2007. Watafiti waliochunguza maoni ya wananchi walikuta wengi wanaunga mkono tozo hiyo, jambo lisilo la kawaida kwa kodi yoyote.

Uingereza: hofu ya wiki ya kwanza

Katika eneo la England, malipo ya peni 5 yalianza tarehe 5 Oktoba 2015 kwa maduka makubwa. Magazeti yalitabiri fujo na ugomvi kaunta. Fujo hizo hazikutokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliowafuatilia wananchi kabla na baada ya siku hiyo walikuta uungaji mkono umeongezeka baada ya malipo kuanza, kwa vijana na wazee. Watu walikuwa wamegundua kwamba kubeba mfuko kutoka nyumbani si kazi ngumu kama walivyodhani. Mwaka 2021 malipo yalipandishwa hadi peni 10 na kuenezwa kwa maduka yote.

Lakini tatizo jipya lilizuka. Wanunuzi wengi walianza kununua mifuko mizito ya kudumu na kuitumia kama ile ya zamani: mara moja, kisha jalalani. Mfuko mzito una plastiki nyingi kuliko juala. Usiporudiwa, hasara yake kwa mazingira ni kubwa zaidi.

Afrika Kusini: bei iliposhuka, tabia ilirudi

Afrika Kusini iko karibu zaidi na hali ya hapa. Mifuko ilikuwa imezagaa kwenye nyua na miti hadi watu wakaibandika jina la utani la ua la taifa. Mei 2003 serikali ilipiga marufuku mifuko myembamba na kuamuru ile minene ilipiwe. Mwanzoni mfuko uliuzwa senti 46, na matumizi yakaporomoka. Baada ya miezi michache bei ilishushwa, matumizi yakapanda tena, na mazoea ya zamani yakarejea. Bei ndogo sana hugeuka kuwa sehemu ya matumizi ya kawaida; mnunuzi hulipa bila kufikiri, na lengo la malipo hupotea.

Somo kwa wakazi wa hapa

Mifano hiyo inaonyesha kwamba watu hukasirikia malipo kwanza, kisha hutulia wanapoona mambo matatu: sababu ya malipo, njia zinakopita pesa, na namna ya kutolipa. Jambo la kwanza lipo nchini tangu 2017. La pili bado ni pengo, kwa kuwa pesa za mfuko hubaki kwa muuzaji. La tatu liko mikononi mwa mnunuzi mwenyewe.

Kenya pia imeonja tatizo la Uingereza. Mwaka 2019, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa ilani ya kuizuia mifuko ile inayofanana na kitambaa, ikisema mingi ni duni na haiwezi kutumika mara nyingi. Watengenezaji walikwenda mahakamani kuipinga. Mkazi anayenunua mfuko kila siku na kuutupa kesho yake bado analisha jalala lile lile, ila sasa kwa pesa zake.

Mambo ya kuzingatia sokoni na dukani

Marufuku ya 2017 inahusu mifuko yenye vishikio na isiyo na vishikio. Karatasi nyembamba ya plastiki ya kufungia sukuma wiki au nyanya imo ndani ya marufuku, hata ikiwa haina mkono wa kushikia. Muuzaji wa kibandani anayeitumia kwa sababu ni rahisi anajiweka hatarini sawa na aliyemletea. Plastiki ambayo kiwanda hufungia bidhaa zake, kama pakiti ya unga au ya mkate, ilisamehewa.

Mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari kuhusu bidhaa anayouziwa. Anaweza kuuliza bei ya mfuko kabla haujatiwa kwenye hesabu, kuukataa, na kukagua risiti.

Njia ya uhakika ya kutolipa ni kikapu au kiondo. Kiondo kizuri hudumu miaka, na mara nyingi kimesukwa na mikono ya akina mama wa nchi hii, hivyo pesa zake huzunguka karibu na nyumbani. Kwa anayepita dukani akitoka kazini, mfuko mmoja wa kitambaa uliokunjwa mfukoni au kwenye mkoba unatosha.

Anayekuta majuala yaliyopigwa marufuku yakiuzwa kwa jumla anaweza kuripoti kwa ofisi ya NEMA katika kaunti au kwa msimamizi wa wadi. Na anayeona kuwa pesa za mifuko zinapaswa kusafisha mitaro badala ya kubaki dukani, mahali pa kulisema hilo ni kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma, sheria na bajeti zinapojadiliwa.